Taa ya Kijani Chini ya Gati

Ripoti ya mlalamikaji ilikuwa na kurasa tatu. Ilipigiwa mistari kwa rula, ikawekwa vichwa: Chanzo, Tukio, Mtuhumiwa, Maoni ya Mlalamikaji. Sajini aliisoma mara mbili kituoni na mara ya tatu akiwa amesimama mlangoni kwa mwenyewe, Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, kalamu sikioni.

"Umeielewa?" Mwalimu mstaafu akamuuliza, hata kabla ya salamu.

"Shikamoo, Baba. Nimeielewa."

"Marahaba. Kama kuna mahali hujaelewa, nyoosha mkono."

Mkewe akamvuta shati kwa nyuma. "Mwache mtoto wa watu apumue kwanza. Karibu, mwanangu, pita."

Mambo yenyewe hayakuwa marefu. Mtoto wa Mwalimu, anayefanya kazi mbali, alimnunulia baba yake taa ya kuzamisha majini siku alipostaafu. Fundi umeme aliifunga chini ya gati la mbao lililo nyuma ya nyumba. Taa ilikaa majini saa zote, na kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, iliwaka yenyewe. Maji yakawa ya kijani, wakaja vijidudu, dagaa wakafuata vijidudu, na samaki wakubwa wakafuata dagaa. Mwalimu, ambaye tangu astaafu alikuwa mtu wa kulala mchana na kununa usiku, akapata kazi. Alikaa kwenye benchi la gati kila jioni na daftari, akahesabu samaki kama alivyokuwa akiita majina darasani. Wengine alishawapa majina. Mmoja mwenye pezi lililochanika alimwita Mtoro.

Alhamisi jioni taa ikatoweka. Juu ya gati pakabaki kisu. Na kisu kilikuwa cha jirani.

"Nipeleke nikaone," Sajini akasema.

Gati lilikuwa la hatua kumi na mbili kwa urefu na hatua tatu kwa upana, limefagiliwa safi. Kando yake yalipangwa makopo ya maua, sita kwa idadi, yote yamepakwa rangi nyeupe. Kwenye nguzo ya mwisho waya uliotoka jikoni ulishuka hadi kwenye kiungo cheusi cha plastiki, cha kuzungusha. Taa ilichomekwa hapo. Sasa kiungo kilikuwa kimefungwa kifuniko chake, na juu ya kifuniko mtu alikuwa amezungushia mfuko wa nailoni na kuufunga kwa uzi, mafundo mawili.

"Huu mfuko umeufunga wewe, Baba?"

"Mimi sijagusa kitu. Nimesoma magazeti, najua eneo la tukio haliguswi."

Sajini akaandika. Kisha akapiga magoti, akatazama maji. Yalikuwa matulivu, na hapakuwa na samaki hata mmoja wa kuonekana.

"Wameondoka," Mwalimu akasema. Safari hii sauti haikuwa ya darasani. "Jana walikuja wachache, wakazunguka zunguka, wakaona giza. Leo sidhani."

"Kwa nini jirani?"

"Kasema mwenyewe! Mbele ya watu! 'Iko siku hiyo taa itazimika, na samaki watarudi kwa wenyewe.' Tangu niwashe taa, ndoano zake pale ng'ambo hazipati kitu. Ana sababu, ana kisu, ana nafasi. Nimeandika yote, ukurasa wa pili."

"Nimeona. Na umepeleka nakala kwa kampuni yake ya ulinzi."

"Ni haki yao kujua."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa mkononi, aliingia ndani.

*

Jirani aliitwa Kimya na mtaa mzima, na jina lilimkaa. Alikuwa mlinzi wa ghala lililo juu ya barabara, mwaka wa kumi na moja sasa. Sajini alimkuta barazani kwake akipiga pasi sare ya kazi juu ya meza iliyotandikwa blanketi.

"Unaingia kazini leo?"

"Sijui." Akapitisha pasi kwenye ukosi, taratibu. "Mkuu wa kampuni amenipa mpaka leo saa moja jioni. Niende na karatasi ya polisi kwamba sina kesi, la sivyo nirudishe sare. Mlinzi mwenye kesi ya wizi hakai getini."

"Na bado unaipiga pasi."

"Nikienda kulinda itafaa. Nikienda kuirudisha, pia itafaa."

Sajini akavuta kigoda akakaa. Akatoa kwenye bahasha kisu alichokiokota gatini asubuhi ile. Mpini wake ulizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Ni chako?"

"Changu."

"Kilifikaje kwenye gati la Mwalimu?"

Kimya akageuza sare upande wa pili. Akanyunyiza maji. Akapiga pasi mkono mmoja, kisha wa pili.

"Kiliibiwa?"

"Hapana."

"Kilipotea?"

"Hapana."

"Alhamisi kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa mtaani. Saa moja kasoro dakika kumi nikatoka kwenda kazini. Daftari la getini lina sahihi yangu."

"Yale maneno ya taa kuzimika ulisema?"

"Nilisema. Nilikuwa na hasira, nimekaa na ndoano tangu alfajiri. Lakini kusema na kutenda..." Akaona ameshatumia maneno mengi kuliko kawaida yake. "Sajini, andika kwamba kisu ni changu. Zaidi ya hapo sina neno."

"Una neno. Hutaki kulitoa."

Kimya akaitundika sare kwenye msumari, akaikung'uta begani ingawa haikuwa na vumbi.

Sajini aliondoka akiwa na jambo moja la kuandika. Katika kazi hii alishazoea kwamba mwongo huja na hadithi, tena ndefu. Huyu alipewa milango miwili ya kutokea, kuibiwa na kupotea, akaikataa yote miwili.

Akiwa njiani alisimama kwenye mwanga, akakitazama kisu kwa karibu. Makali hayakuwa na alama ya kukata waya wala kamba. Lakini penye mgongo wa kisu na kwenye shina la mpini palikuwa na ukoga wa kijani uliokauka, na ndani ya ukoga vipande vidogo vya magamba ya konokono wa majini. Akakinusa. Kilinukia sabuni.

*

Jiko la Mama Mwalimu lilikuwa jiko la kumtia mgeni aibu ya jiko lake. Sufuria zilining'inia kwa kupishana ukubwa, na kila moja ungeweza kujitazamia meno. Hata kopo la chumvi lilisuguliwa likapoteza maandishi.

Ukutani, juu ya meza, palikuwa na soketi mbili, na kwenye kila soketi kumechomekwa kisanduku cha saa, cha mviringo wenye tarakimu, unaozunguka polepole kwa nguvu ya umeme.

"Hii ya kushoto ni ya pampu ya tangi," Mwalimu akaeleza. "Ya kulia ni ya taa. Kila Jumatatu, taarifa ya habari ya asubuhi inapoanza, nazirekebisha zote mbili. Miaka yote ya kazi sikuwahi kugonga kengele nikichelewa."

"Hata dakika moja?"

"Binti yangu, hata nusu."

Sajini akatazama saa ya mkononi. Saa nne na dakika kumi. Akatazama kisanduku cha pampu: saa nne na dakika kumi. Akatazama kisanduku cha taa, akainama, akavaa miwani, akakitazama tena.

Kilionyesha saa mbili na nusu.

"Baba, njoo."

Mwalimu akaja, akaona, uso ukambadilika kama mtu aliyemkuta mwanafunzi bora anaibia mtihani. "Haiwezekani! Ni umeme. Umeme umekatika wakati fulani, saa ikasimama."

"Umeme ukikatika, unakatika kwa soketi moja?"

Mwalimu akakitazama kisanduku cha pampu, ambacho kilikuwa kinazunguka zake kwa adabu, hakijapoteza hata dakika.

"Mtu alichomoa hiki cha taa peke yake," Sajini akasema, "kikakaa nje saa moja na dakika arobaini, kisha akakirudisha. Ripoti yako inasema Alhamisi ulikwenda kliniki ya macho. Ulirudi saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu usiku. Gari lilichelewa."

"Mwizi anayeingia jikoni kwa watu, akachomoa kisanduku, akasubiri saa moja na dakika arobaini, akakichomeka tena, kisha akatoka bila kuchukua hata kijiko. Umewahi kumsikia?"

"Sijamsikia," Mwalimu akajibu kwa sauti ndogo.

Mama Mwalimu alikuwa kwenye beseni, amewapa mgongo. Alikuwa akiosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

"Mama, Alhamisi jioni hukusikia mtu kabisa?"

"Sikusikia mtu, mwanangu." Na hilo, Sajini aliliandika neno kwa neno, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilisemwa kwa shida.

*

Fundi umeme alikuwa na duka dogo lililojaa feni zilizofunuliwa matumbo. Alikuwa mtu wa maneno, wa kumlipia Kimya deni lote la ukimya wake.

"Ile taa? Afande, ile si taa, ni mtoto wa kifalme! Ile ni ya balbu kubwa, si hizi za siku hizi zisizo na joto. Inachemka! Maji ndiyo yanayoipoza. Ukiiwasha nje ya maji, dakika kumi tu, unaweza kupikia."

"Na ikipata moto halafu ikatiwa majini?"

"Pah!" Fundi akapiga makofi. "Kioo kinaachana. Umewahi kumimina maji baridi kwenye glasi iliyotoka motoni? Basi hivyo."

"Husafishwa vipi?"

"Haisafishwi. Hapo ndipo utamu. Kioo kinapata joto kila jioni, ukoga haushiki. Kiwiliwili ndicho kinaota majani na konokono, lakini hicho kina kazi gani? Samaki hawaangalii kiwiliwili. Nilimwambia Mwalimu siku ile naifunga: usiiguse, usiisugue, iache na uchafu wake."

"Ulimwambia Mwalimu. Mama je?"

Fundi akakuna kichwa na bisibisi. "Mama alikuwa ndani, ananisugulia ngazi yangu. Anasema ina grisi."

Sajini hakujizuia, alicheka. Kisha akauliza swali la mwisho, na jibu la fundi lilimfanya afunge daftari akiwa na moyo mwepesi kidogo.

*

Alirudi nyuma ya nyumba saa tisa alasiri, akamwomba Mwalimu asimame kando asiseme kitu, jambo ambalo lilikuwa gumu kwake kuliko kusimama kwa mguu mmoja.

Makopo sita ya maua. Sajini akainua la kwanza: chini yake mbao ilikuwa na duara jeusi la unyevu, la miezi mingi. La pili, vivyo hivyo. La tatu pia. Lakini baada ya la tatu palikuwa na duara tupu, lisilo na kopo juu yake. Na kopo la nne lilikaa hatua mbili mbele, karibu na ncha ya gati, mahali pasipo na mstari wala mpango. Katika nyumba ya watu wanaopanga sufuria kwa ukubwa.

Akaliinua.

Mbao ilikuwa imeungua. Alama ya hudhurungi, ndefu kama kiganja, ukingoni nyeusi kama mkaa.

"Taa haikuibiwa," Sajini akasema. "Ilitolewa majini mchana, ikasafishwa hapa, ikalazwa hapa ikauke. Aliyeitoa akaingia ndani kwa shughuli zake. Alisahau kwamba ina saa yake. Saa kumi na mbili na nusu ikawaka yenyewe juu ya mbao. Harufu ya moshi ikamtoa ndani. Akaisukuma majini, kioo kikapasuka. Akakimbia jikoni kuchomoa kisanduku. Kisha akairudia taa, akaifungua kwenye kiungo, na akakifunika kiungo kwa mfuko na mafundo mawili, ili maji yasiingie. Mwizi hafungi mafundo mawili, Baba. Anayefunga mafundo mawili ni mtu anayekitunza kitu."

Mwalimu akageuka polepole kutazama jikoni.

Mama Mwalimu alishatoka. Alikuwa amebeba sufuria kubwa kuliko zote, ile ya shughuli, yenye kifuniko. Aliiweka juu ya benchi, akafunua. Ndani, imezungushiwa khanga, ilikuwemo taa. Chuma chake kiling'aa. Kioo kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini.

"Ijumaa walikuwa wanakuja wanafunzi wako wa zamani kuona samaki," akasema. "Nikaivuta, nikaikuta imeota ndevu. Nikaona haya, baba watoto. Zawadi ya mtoto, inaota ndevu! Nikasema nitaisugua, ukirudi utaona maji yanavyowaka. Konokono wakashinda brashi, nikamwita jirani juu ya ua anipe kisu."

"Na yeye akakupa," Sajini akasema.

"Akanipa. Na moshi alipouona akaja mbio, akanikuta nalia. Nikamwomba asimwambie Mwalimu, mpaka nipate namna ya kusema mwenyewe. Akasema, 'Shemeji, mimi sina neno.' Basi." Akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. "Nilidhani utasema imeibiwa, utanuna siku mbili, yataisha. Hiyo barua ya kampuni nimeijua leo, mlipokuwa mnaisema hapa gatini. Tangu hapo naosha kikombe kimoja. Kila nikitaka kusema ulimi unakuwa mzito kama jiwe. Mungu anisamehe, na jirani anisamehe."

Mwalimu alikaa kwenye benchi, kando ya sufuria. Alitazama ile taa.

"Mimi nanuna siku mbili?" akauliza.

"Tatu," mkewe akasema. "Mwaka jana kwa ajili ya miwani, nne."

"Kwa hiyo mke wangu ananiogopa, na jirani yangu ananihurumia." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Na mimi nimeandika kurasa tatu."

"Zenye vichwa vya habari," Sajini akasema.

*

Hadi saa kumi na mbili kasoro dakika kumi karatasi ilikuwa tayari. Sajini aliiandikia barazani kwa Kimya, juu ya meza ileile ya pasi, akaigonga muhuri aliotoka nao kituoni: taa imepatikana nyumbani kwa mlalamikaji, hakuna wizi, hakuna kesi, mlinzi hana kosa lolote.

Kimya akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Alisema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Vizuri. Mimi nisingesema."

"Najua. Ungepoteza kazi."

"Ningepata nyingine," Kimya akasema, ingawa wote wawili walijua haikuwa rahisi hivyo. "Mke wa jirani ukimtaja kwa polisi, utamtazamaje tena juu ya ua?"

Ndipo ikasikika sauti ya fundi umeme, yuko nyuma ya nyumba ya Mwalimu, anajisifu. Jibu alilompa Sajini dukani lilikuwa hili: mtoto wa Mwalimu alinunua vioo viwili na balbu mbili, na seti ya akiba ilikaa kwenye kabati la fundi, ndani ya maboksi yake. Sasa alikuwa amekwisha kuifunga. Taa ilizamishwa, chuma chake kinang'aa kama kisu kipya, na fundi akaapa kwamba hajawahi kuzamisha kitu kisafi namna ile.

Mwalimu alikirekebisha kisanduku mwenyewe. Saa kumi na mbili na nusu, maji ya chini ya gati yakawa ya kijani.

Walisimama wote wakitazama. Dakika tano, hakuna kitu. Dakika kumi, vijidudu vikaanza kucheza kwenye mwanga kama vumbi la unga. Kisha dagaa, mmoja, watatu, kundi. Mama Mwalimu alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Halafu chini, penye mpaka wa mwanga na giza, kikapita kivuli kirefu, kikageuka, kikaonyesha pezi lililochanika.

"Mtoro!" Mwalimu akapaza sauti. "Mtoro amerudi, umemwona? Siku mbili hayupo, bila ruhusa!"

"Nimemwona," mkewe akasema, akicheka na machozi yakimtoka.

Upande wa pili wa ua Kimya alikuwa ameshavaa sare. Alifunga mlango wake, akatazama saa, akaanza kupanda barabara. Mwalimu akamwona. Akaacha samaki, akaacha daftari kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa uani akiwa na ndara miguuni.

"Wewe! Ngoja!"

Kimya akasimama.

"Hiyo karatasi nipe."

"Ya nini, Mwalimu?"

"Nitaipeleka mimi. Barua ya kwanza nilipeleka mimi mwenyewe, na ya pili nitapeleka mimi mwenyewe. Na huyo mkuu wako wa kampuni atanisikiliza nikiisoma kwa sauti, mbele ya wenzako wote."

"Sina shida, nitampa tu..."

"Nimesema nitaisoma!" Mwalimu akanyoosha mkono. Kisha akauteremsha, akasema taratibu, "Nilikukosea, jirani. Nisamehe. Na kesho ulete ndoano zako kwenye gati langu. Mwanga ni mmoja, samaki hawaulizi ua ni wa nani. Ila Mtoro humgusi."

Kimya alimtazama. Akaitoa karatasi mfukoni, akampa.

"Mtoro simgusi," akasema.

Wakapanda barabara pamoja, mmoja na sare iliyonyooka, mwingine na ndara. Sajini alibaki getini kwa Mwalimu. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa kesi ile, akaupigia mstari chini, akapata mahali pa kuandika neno moja la mwisho. Huko mbele Mwalimu alikuwa ameshaifungua karatasi, na anaisoma kwa sauti, anafanya mazoezi.

Sajini akaandika: Imefungwa.